Daktari na Mgonjwa: Uhakiki wa Mazungumzo ya Kuigiza katika Masomo ya Kiingereza

Uko mchezo mmoja ambao kila aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania ameuona. Wanafunzi wawili huitwa mbele. Mmoja huwa daktari, wa pili huwa mgonjwa. Daktari huuliza kwa Kiingereza maumivu yako wapi, mgonjwa hujibu kwamba kichwa chamwuma tangu jana, daktari humwandikia vidonge, mgonjwa hushukuru, darasa hupiga makofi, na wawili wengine huitwa kuurudia mchezo ule ule kwa maneno yale yale. Mwalimu aliyeuandaa hawezi kushtakiwa kwa uvivu. Amefuata miongozo ya kazi yake, ambayo kwa miaka mingi imehimiza kwamba mwanafunzi asikae kimya kama gunia, bali asimame, aigize, aseme. Hata hivyo liko swali moja ambalo miongozo hiyo hailiulizi, nalo ni hili: ni wapi, katika nchi ya Tanzania, daktari na mgonjwa wake huzungumza kwa Kiingereza?

Jibu lajulikana na kila aliyepata kuumwa. Katika hospitali na zahanati daktari huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kikwao ikiwa mgonjwa ni mkongwe na daktari aijua lugha hiyo. Kiingereza hakikosekani chumbani humo, ila hakimo vinywani. Kimo katika cheti ambacho daktari ainamia kukiandika huku sikio lake likisikiliza Kiswahili. Kimo katika jina la ugonjwa, katika karatasi ya maabara, na katika maelezo yaliyokunjwa ndani ya kijisanduku cha dawa, ambayo mgonjwa hawezi kuyasoma. Kazi ngumu ya lugha aifanyayo daktari ni kusikia kwa lugha moja kwamba mwili wote wawaka moto, na kuandika kwa lugha nyingine neno litakaloeleweka na mwenzake wa zamu ya usiku. Kazi hiyo, ambayo ndiyo hasa kijana wa Kidato cha Pili ataihitaji akija kuwa tabibu au muuguzi, haimo katika mchezo. Mchezo umekiweka Kiingereza pale kisipokuwapo, ukakiondoa pale kilipo.

Mahakamani mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa muda mrefu: shahidi alisema kwa Kiswahili, naye hakimu akaandika kwa Kiingereza, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya mahakama. Ni nadra sana kukuta kitabu cha mazungumzo ya kuigiza kilichomweka mwanafunzi katika kiti cha hakimu yule mwenye lugha mbili, mmoja sikioni na mwingine mkononi. Vitabu vimependa zaidi hoteli, kituo cha gari-moshi na duka la nguo.

Kwa nini hoteli na gari-moshi? Sababu yake yapatikana katika historia ya njia yenyewe, wala si siri. Kuigiza nafasi ya mtu mwingine kwa ajili ya mafunzo hutajwa sana pamoja na jina la Jacob Levy Moreno, tabibu aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889, akafanya majaribio ya michezo isiyoandikwa kabla huko Vienna, kisha akahamia Marekani mwaka 1925 na kuyafanya majaribio yale kuwa tiba ya nafsi. Yafaa kukumbuka kwamba mgonjwa wa Moreno hakupewa maneno ya kukariri. Aliigiza ugomvi wake mwenyewe na baba yake mwenyewe. Walimu wa lugha walipoichukua njia hiyo walikuwa tayari na desturi yao ya zamani, yaani mazungumzo yaliyochapwa kitabuni ili yarudiwe mpaka ulimi uzoee, na vitu viwili hivi vikachanganywa kana kwamba ni kimoja.

Baadaye likaja wazo la Dell Hymes. Mwaka 1962 mtaalamu huyo aliwataka wenziwe waende kuchunguza namna kila jamii isemavyo: nani husema na nani, mahali gani, kwa kusudi gani, na katika maandishi yake yaliyochapwa mwaka 1972 alionyesha kwamba mtu aijuaye sarufi tu, asijue lini aseme na lini anyamaze, hajaijua lugha. Waandishi wa vitabu vya kufundishia walilipokea fundisho la pili kwa mikono miwili, wakaliacha la kwanza mlangoni. Walikubali kwamba mwanafunzi afundishwe kusema ipasavyo mahali pake. Hawakwenda kuchunguza mahali penyewe ni wapi. Badala yake waliazima orodha iliyokwisha kutengenezwa. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilitoa kitabu cha J. A. van Ek kilichopanga mambo ambayo mjifunzaji wa Kiingereza apaswa kuyaweza, na mtu aliyefikiriwa zaidi katika mpango ule alikuwa Mzungu mtu mzima, avukaye mpaka wa nchi yake kwa matembezi au kwa shughuli, au apokeaye wageni wa nchi nyingine kwake. Mtu huyo yampasa kweli kuagiza chakula, kukata tikiti na kumweleza tabibu mgeni tumbo lamwuma upande gani. Mpango wake ulikuwa mwema kwa mtu wake. Lakini mtu huyo si binti wa miaka kumi na minne wa Sumbawanga, ambaye kesho asubuhi atasomeshwa Baiolojia kwa Kiingereza.

Na kabla ya yote hayo ulikuwako mkutano wa Makerere. Mwezi wa Januari 1961 wajumbe kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Uganda kushauriana juu ya kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliichambua taarifa ya mkutano huo na kuonyesha imani tano zilizojengeka humo, akaziita upotovu: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu aliye bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba kikianzwa mapema zaidi ni heri zaidi, kwamba kikifundishwa kwa wingi zaidi matokeo huwa mema zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana Kiingereza kitashuka. Yako mengi ya kubishana na Phillipson, hasa pale afikiripo makusudi ya watu kwa kuyatazama matokeo tu. Lakini juu ya imani ya kwanza hapana budi kukiri kwamba imekaa imara mno katika mchezo wa darasani. Mwanafunzi akiponyokwa na neno moja la Kiswahili katikati ya mchezo, mchezo huhesabiwa kuwa umeharibika.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya bure. Watasema: mtoto acheze udaktari, au ufalme, au uchawi, mradi kinywa chake kifunguke, ukweli wa mahali ni jambo la wataalamu, naye mwanafunzi hana haja nao. Hoja hii ina nguvu kuliko idhaniwavyo, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima, maana yagusa adui mkubwa kabisa wa Kiingereza darasani, ambaye si sarufi bali ni aibu. Mwanafunzi akosapo neno huzomewa. Akizomewa mara mbili hufunga mdomo, na wengine huufunga kwa muda wa miaka minne yote. Mchezo humpa kinyago cha kujificha nyuma yake: aliyekosea ni mgonjwa, si Asha. Kwa sababu hiyo hata mchezo wa daktari usio na ukweli wowote umewahi kumtoa sauti mtoto ambaye mwalimu alidhani hana.

Afrika ya Mashariki haina haja ya kwenda Vienna kujifunza nguvu ya kinyago hicho. Utani unayo. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani afikapo msibani huweza kuvaa nguo za marehemu, akauiga mwendo wake na kikohozi chake na maneno aliyopenda kuyasema, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Mtu mwingine akithubutu kufanya hivyo hapati kicheko, hupata fimbo. Mtani amepewa ruhusa na jamaa wote waijua ruhusa hiyo, waijua yaanza wapi na yakoma wapi. Ndiyo maana hakosi. Hapana anayemsimamisha mtani katikati ya kuiga kwake na kumwambia kwamba marehemu hakuwa akikohoa vile.

Lakini mwalimu hufanya hivyo hasa. Msichana aliyejitia kuwa mgonjwa aeleza habari za mama yake, na kwa kuwa Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, amwita mama yake "he". Mwalimu adakia: "she!" Darasa lacheka. Kinyago kimeanguka, na aliyebaki mbele ya ubao si mgonjwa tena, ni Asha. Kosa lenyewe ni la kweli, na yafaa lirekebishwe, ila saa yake siyo hiyo. Mwalimu mwenye busara huliandika katika daftari lake na kulirudia siku ya pili bila ya kumtaja mtu. Kutoa ruhusa kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mkono wa pili ni afadhali kutoitoa kabisa, kwa kuwa mtoto aliyedanganywa mara moja na mchezo hauamini tena.

Kinyago, basi, chafaa. Ila wale wasemao kwamba chatosha husahau jambo jingine, nalo ni ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliuendeleza utungo huu wa majibizano katika miaka iliyofuata uhuru, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyochapwa mwaka 1970 na 1971 viliingia mashuleni kueneza siasa ya nchi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Watoto walisimama mbele ya wageni wa heshima, mmoja akiwa mjinga asiyejua faida ya jambo fulani na mwingine akiwa mwelewa, wakajibizana beti kwa beti mpaka mjinga akaridhika na wote wakawa kauli moja. Huu ni mchezo wa kuigiza nafasi, na watu wa Tanzania waliutumia kufundishia kabla miongozo ya Kiingereza haijaupendekeza. Una uzuri wake: mizani humsaidia mtoto kukumbuka, na sauti yake hujengeka. Lakini kila aliyewahi kuucheza ajua kwamba hakuna anayesikiliza mwenziwe. Mtoto hungoja zamu yake tu. Mjinga angeweza kusema jambo geni kabisa, na mwelewa angemjibu yale yale aliyoyakariri.

Mchezo wa daktari na mgonjwa, kama uchezwavyo mara nyingi, ni ngonjera iliyovuliwa mizani na kuvishwa Kiingereza. Jaribio la kuuthibitisha neno hili ni jepesi, na mwalimu yeyote aweza kulifanya. Amnong'oneze mgonjwa aseme kwamba haumwi kitu, amekuja kudai fedha anazomdai daktari. Ikiwa daktari ataendelea kumwandikia vidonge, darasa hilo halijazungumza bado. Hii si dharau kwa kukariri. Kukariri ni msingi wa elimu nyingi za pwani, kuanzia chuoni, na lugha nayo ina sehemu kubwa isiyopatikana ila kwa kurudiwa. Kosa ni kuita kukariri kwa jina la kuzungumza, kisha kushangaa kwamba kijana aliyepigiwa makofi katika mchezo hawezi kumwuliza mwalimu wa Fizikia swali moja la kawaida.

Shule ya Alliance ya Kenya yaweza kuwa mfano wa jambo hili, kwa kuwa habari zake zimeandikwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hata 1958, ameeleza jinsi mchezo wa Shakespeare ulivyochezwa kila mwaka kama sikukuu isiyokosekana. Vijana wa Kiafrika walivaa mavazi ya wafalme wa Uingereza na kutamka Kiingereza cha karne ya 16 na ya 17 pasipo kuteleza. Faida waliyoipata haiwezi kubezwa. Kati yao walitoka waandishi. Lakini katika shule hiyo hiyo, na katika miaka hiyo hiyo, palikuwapo michezo mingine. Henry Kuria alitunga "Nakupenda, Lakini…" kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1957, na wanafunzi wengine wakafuata njia yake; mwaka huo pia zilitoka "Atakiwa na Polisi" ya B. M. Kurutu na, kwa upande wa Wazungu wenye kukijua Kiswahili, "Afadhali Mchawi" na "Mgeni Karibu" za Graham Hyslop. Tofauti ya michezo hii na ile ya Shakespeare si ubora wa utungo, maana hapo hapana mashindano. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili wanafunzi walijipa wenyewe nafasi za kuigiza: mpenzi, mlevi, mtu wa mjini, karani. Katika Kiingereza walipewa. Hakuna aliyewaomba watunge kwa Kiingereza mchezo juu ya karani wa Nairobi, ambaye ndiye hasa aliyekitumia Kiingereza kila siku ya kazi. Pengo hilo lilikuwapo mwaka 1957, na vitabu vya mazungumzo vilivyokuja baadaye vililirithi. Vilimwondoa mfalme, vikamweka mtalii.

Uhakiki wa nafasi hauwezi kukamilika bila ya kutazama maneno yenyewe, na hapa ndipo penye utajiri ambao vitabu vimeupita kama mtu apitaye shamba la mwenziwe usiku. Mwanafunzi aigizapo kwa Kiingereza hawezi kuziacha nyumbani desturi za usemi wake. Huja nazo, na kila moja hutokea katika mchezo kama kosa, ingawa nyingi si makosa ya sarufi kamwe.

Litazamwe neno "pole". Mtu akijikwaa, akiumwa, akifiwa, akirudi kazini amechoka, huambiwa pole. Msemaji hakiri kosa, ashiriki taabu. Mwanafunzi alitafutiapo neno la Kiingereza hupata "sorry", na watu wengi wa Afrika ya Mashariki hulitumia hivyo hivyo wasemapo Kiingereza. Mgeni wa London aliyejikwaa ngazini akaambiwa "sorry" na mtu aliye hatua kumi mbali hushangaa, hata hujibu kwamba kosa si la msemaji. Litazamwe pia "hodi". Hodi husemwa na mtu aliye nje, kabla hajaonana na mwenye nyumba, nayo yaomba ruhusa na yatoa taarifa kwa pamoja. Vitabu huifasiri "May I come in?", lakini maneno hayo husemwa mlangoni, macho kwa macho. Mwanafunzi ayasemaye akiwa bado uani, kwa sauti ya hodi, amesema sarufi safi mahali pasipo pake. Na "umepotea", ambalo rafiki humwambia rafiki wasiyeonana siku nyingi, likigeuzwa neno kwa neno humfanya msikilizaji atafute ramani.

Ombi lina shida kubwa zaidi. Katika Kiswahili adabu ya kuomba haikai sana katika neno "tafadhali", ambalo sokoni halisikiki mara nyingi. Adabu imo katika "naomba", imo katika kitenzi kilichowekwa kwa namna ya kutamani, kama "unisaidie", na zaidi ya yote imo katika jina la kuitia: mama, shangazi, dada, kaka, mjomba, babu. Kijana amwambiaye muuza nyanya "mama, naomba za mia tano" amekwisha maliza adabu yote. Akiambiwa kuigiza soko kwa Kiingereza, jina la ujamaa humponyoka, kwa kuwa amefundishwa kwamba "mother" ni mzazi tu. "Naomba" hugeuka "I ask", jambo lisilo la kawaida katika Kiingereza. Na "please" hulisahau kwa kuwa kwao si lazima. Kinachobaki ni amri tupu. Mwalimu husikia kiburi pale ambapo mtoto amejitahidi kuwa na adabu. Shikamoo nayo haina pa kwenda kabisa. Mwanafunzi anayeigiza mjukuu mbele ya bibi hutamka "Good morning", huku magoti yakitaka kukunjika kidogo, na mwili wake wasema lugha nyingine na ile ya mdomo wake.

Je, mambo haya yaandikwe kwa wino mwekundu? Jibu haliwezi kuwa moja, na hapo ndipo mchezo wa kuigiza ungeweza kufanya kazi ambayo kitabu cha sarufi hakiwezi. Yategemea nani asema na nani. Mtanzania na Mkenya waigizapo maofisa wawili wanaokutana Kampala, na mmoja amefiwa, "sorry" kwa maana ya pole ni Kiingereza sawasawa, na watu wote chumbani wamekielewa. Msikilizaji akiwa ni mtu wa Leeds aliyeshuka uwanja wa ndege jana, mwanafunzi yafaa ajue neno hilo litapokewaje, na achague. Kwa kuwa vitabu havimtaji msikilizaji ila kama "mtu A" na "mtu B", mwanafunzi hana la kuchagua. Mtu B hana umri, hana nchi, hana cheo. Kiswahili hakina namna ya kumsalimu mtu wa aina hiyo, na ukichunguza vizuri Kiingereza nacho hakina.

Yote haya yangekuwa mjadala wa wataalamu peke yao kama Kiingereza kingekuwa somo moja kati ya masomo mengine. Sivyo kilivyo Tanzania. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kuingia sekondari masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee kupanda hata sekondari, na Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni wakakuta kwamba wanafunzi wengi hawakijui kiasi cha kuweza kusomea, kisha, jambo lililowashangaza wasomaji wengi wa taarifa yao, wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Madhali uamuzi huo ungali ukisimama, kipindi cha Kiingereza chabeba mzigo wa masomo yote. Mtoto asiyeweza kusema "sijaelewa, tafadhali rudia hatua ya tatu" hakosi alama za Kiingereza tu, hukosa Kemia. Ni ajabu, basi, kwamba nafasi ambayo mwanafunzi huishi ndani yake saa saba kila siku, yaani nafasi ya mwanafunzi asiyeelewa mbele ya mwalimu mwenye haraka, ni nadra sana kuigizwa. Ingeigizwa, na zamu nyingine mwalimu akacheza yeye mwenyewe nafasi ya asiyeelewa, mchezo huo peke yake ungefaa kuliko hoteli kumi.

Wingi wa wanafunzi ni kikwazo kijulikanacho, wala hauhitaji maneno mengi: wawili wakicheza mbele na sabini wakitazama, waliojifunza ni wawili. Dawa yake ni wote wacheze kwa mara moja, wawili wawili pale walipokaa, na mwalimu avumilie makelele na jicho la mkuu wa shule dirishani. Mtihani ni kikwazo kigumu zaidi. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, ulioanza mwaka 1989, karatasi ya kwanza ya Kiingereza imekuwa na sehemu ya stadi za kusema, na sehemu hiyo hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa hupewa mazungumzo yenye mapengo akaandika yale ambayo mmoja wa wasemaji angeyasema. Watungaji wa mtihani hawalaumiki sana, maana kumsikiliza kila mtahiniwa wa nchi nzima ni kazi isiyo na mwisho. Lakini walimu husoma mtihani kama baharia asomavyo upepo. Mazungumzo yakitahiniwa kwa kuandikwa, yatafundishwa kwa kuandikwa, na mchezo utabaki pambo la Ijumaa mchana.

Nje ya shule, hali ni tofauti. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja mapapasi huzungumza Kiingereza, na wengine Kiitaliano juu yake, ambacho hawakukipata katika kitabu. Walikipata kwa kucheza nafasi moja tu, ya mtu amjuaye kila mtu mjini, mbele ya msikilizaji ambaye angeweza kuondoka wakati wowote. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro hupanda daraja na kuwa waongozaji wa wageni kwa njia iliyo karibu na hiyo. Sarufi yao ina mashimo, na hakuna mtaalamu atakayependekeza shule zifungwe watoto wapelekwe Forodhani. Hata hivyo liko jambo moja wafanyalo watu hao kutwa kucha ambalo darasa limekatazwa tangu Makerere: husimama baina ya lugha mbili. Mgeni auliza, papasi amgeukia mwenye duka na kusema Kiswahili, mwenye duka ajibu kwa maneno matatu, na papasi ayageuza kuwa maneno thelathini. Yeye ni mkalimani, mwenye faida yake ndani ya ukalimani huo.

Nafasi ya mkalimani ndiyo nafasi ya kweli ya Kiingereza katika nchi hizi. Daktari aandikaye cheti ni mkalimani. Hakimu wa zamani alikuwa mkalimani. Mtoto wa sekondari ambaye bibi yake amletea karatasi ya dawa aisome ni mkalimani, tena asiyelipwa. Mchezo wenye watu watatu, mmoja mgeni asiyejua Kiswahili, mmoja mzee asiyejua Kiingereza, na katikati yao mwanafunzi, ungevunja sheria ya lugha moja na wakati huo huo kumlazimisha mwanafunzi kusikiliza, jambo ambalo ngonjera ya Kiingereza haimlazimishi. Hawezi kukariri, kwa kuwa hajui mzee atasema nini. Na kwa madarasa ya juu tafsiri za Mwalimu Nyerere zipo tayari: "Julius Caezar" iliyotoka 1963 na "Mabepari wa Venisi" ya 1969 zingechezwa ukurasa kwa ukurasa pamoja na Kiingereza chake, wanafunzi wakibishana mahali mfasiri alipoongeza, alipopunguza na alipolazimika kuamua.

Mchezo wa watu watatu si mwepesi kuuendesha, na darasa lenye kelele huupoteza. Lakini katikati yake hufika hatua moja isiyoweza kupatikana katika daktari na mgonjwa. Mgeni aeleza kwamba amefika kijijini kumtafuta rafiki, akaambiwa rafiki amekufa mwezi uliopita. Mzee, ambaye ni mwanafunzi mwingine mwenye kofia ya kuazima, aacha kusuka mkeka wake, amtazama mgeni, na kusema neno moja tu: "Pole." Mgeni amgeukia mkalimani, angoja. Mkalimani afungua kinywa kusema "sorry", asita, amtazama mzee tena, kisha aanza sentensi nyingine, ndefu kidogo, yenye "he says" na yenye neno la huzuni alilojifunza juzi katika somo la fasihi. Na kabla hajaimaliza, watatu au wanne wa safu ya nyuma wamekwisha simama, wengine kwa Kiingereza na wengine kwa Kiswahili, wakisema kwamba mzee hakusema hivyo.